Bodi ni Chanya: Siri ya Betri kwenye Matrekta ya Zamani

Trekta liliwaka. Hilo ndilo lililotuponza.

Ilikuwa asubuhi ya baridi nje kidogo ya Karatu, masika yakinukia. Mzee mwenye shamba alikuwa amenunua betri mpya kwa ajili ya Ferguson yake ya kijivu, aliyorithi kwa baba mkwe, ambayo ilikuwa imelala bandani miaka kadhaa. Mjukuu wake, kijana anayejua magari, aliifunga betri kama anavyofunga kwenye kila gari: hasi kwenye bodi, chanya kwenye stata. Akasukuma wenzo wa gia hadi kwenye herufi S, maana kwenye Ferguson hizo wenzo wa gia ndio swichi ya stata. Injini ikazunguka upande wake wa siku zote, ikakohoa mara mbili, ikashika. Tukapiga makofi.

Kisha kijana akaongeza mafuta. Sindano ya kipimo cha chaji ikaruka hadi mwisho, ikabaki huko ikitetemeka. Kisanduku kidogo cheusi karibu na dashibodi kikaanza kugonga kama kuku anayedonoa bati. Ikafuata harufu ya vanishi inayoungua, halafu moshi.

Fundi waya aliyeitwa kutoka mjini hakuuliza maswali mengi. Aliinua boneti, akafuata kwa kidole mkanda wa shaba uliotoka kwenye betri hadi kwenye chuma cha trekta, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akamwambia kijana, "hili ni la Mwingereza. Bodi yake ni chanya."

Swali nililobaki nalo siku ile halikuwa kwa nini kisanduku kiliungua. Ukigeuza betri, tegemea kitu kuungua. Nililojiuliza ni kwa nini trekta liliwaka. Stata ilikosaje kuzunguka kinyumenyume? Na taa ya mbele, ile moja iliyokuwa nzima, ilitoaje mwanga wake kama kawaida? Nusu ya trekta ilikuwa haina habari kwamba betri imegeuzwa, na nusu nyingine iliungua kwa habari hiyo hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu bodi. Nyumbani, kila taa ina nyaya mbili, mmoja wa kupeleka umeme na mwingine wa kuurudisha. Kwenye trekta, wa kurudisha ni trekta lenyewe. Umeme ukishapita kwenye taa au kwenye stata hurudi betrini kwa njia ya chuma cha injini na gia. Nusu ya nyaya inaokolewa, ila sasa ncha moja ya betri lazima ifungwe kwenye chuma. Ipi? Taa haijali. Inachotaka ni tofauti ya volti kati ya waya wa moto na bodi. Iwe waya uko juu ya bodi kwa volti 12 au uko chini yake kwa volti hizo hizo, utepe ulio ndani ya glopu hupata moto kwa kiasi kile kile. Honi nayo ni hivyo hivyo.

Hata majina yenyewe, chanya na hasi, yalipatikana kwa kubahatisha. Benjamin Franklin, huko Philadelphia katika miaka ya 1740, alidhani umeme ni kimiminika cha aina moja: penye ziada akapaita chanya, penye upungufu akapaita hasi. Mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni huko Cambridge, ikabainika kwamba kinachosafiri ndani ya waya kina chaji hasi, kwa hiyo hutoka ncha hasi kwenda ncha chanya, kinyume cha mishale tuliyochora shuleni na wanayochora watoto wetu hadi leo. Kwenye gari la kisasa elektroni huingia bodini kwanza ndipo zipande kwenye taa. Kwenye Ferguson ya mzee hupita kwenye waya kwanza, zikarudi kwa bodi. Hakuna shamba lililowahi kulimwa vibaya kwa sababu hiyo.

Stata ina maelezo mazuri zaidi. Ndani yake kuna sumaku mbili za umeme, moja imetulia kwenye ganda na nyingine inazunguka katikati, na mkondo mmoja hupita kwenye zote mbili kwa kufuatana. Ukigeuza betri, sumaku ya nje inabadilisha kaskazini yake kuwa kusini, na ya ndani inafanya vivyo hivyo papo hapo. Msukumo kati yao unabaki ulivyokuwa. Mwalimu wa hesabu angesema hasi mara hasi ni chanya, wala asingekuwa anatania, kwa kuwa nguvu ya mota ile ni zao la sumaku hizo mbili. Ndiyo maana injini ilizunguka upande wake, na ndiyo maana tulidanganyika. (Stata nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu kwenye ganda. Hizo ukizigeuzia betri zinazunguka kinyume kweli.)

Kwa hiyo trekta halikuwa na njia ya kutuonya mpaka dinamo ilipoanza kazi.

Dinamo ni mashine yenye kisa cha kuku na yai. Ili itoe umeme, inahitaji sumaku. Sumaku yake ni koili iliyosukwa kuzunguka vipande vya chuma, na koili hiyo haina nguvu mpaka ipate umeme. Umeme wa kwanza utoke wapi? Jibu lilitangazwa mwaka 1867, na Werner von Siemens huko Berlin na Charles Wheatstone huko London, karibu kwa wakati mmoja: chuma hakisahau. Chuma kilichowahi kuwa sumaku hubaki na sumaku kidogo hata umeme ukikatwa. Injini ikianza kuzungusha dinamo, hayo mabaki yanazaa volti mbili tatu. Volti hizo zinaingia kwenye koili, sumaku inapata nguvu kidogo, volti zinapanda, sumaku inazidi, na baada ya muda mfupi dinamo imefika kwenye kiwango cha kuchaji betri.

Sasa angalia lililojificha hapo. Dinamo haipangiwi na betri ipi iwe chanya. Hupangiwa na mabaki ya sumaku yaliyomo kwenye chuma chake, nayo ni kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipofanya kazi. Ferguson ile ilikuwa imelala miaka, lakini chuma cha dinamo yake kilikuwa bado kinakumbuka kwamba bodi ni chanya.

Kati ya dinamo na betri kuna kile kisanduku cheusi, chenye kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia volti zisizidi. Ya pili ni kukata na kuunganisha njia ya umeme: injini ikienda polepole njia huwa imekatwa ili betri isijimwage ndani ya dinamo, na dinamo ikifikisha volti kama 13 sumaku ndogo huvuta kikono cha chuma, njia ikaungana na chaji ikaanza kwenda. Sumaku hiyo ndogo inapima wingi wa volti. Upande wake haiutambui.

Siku ile Karatu, kijana alipoongeza mafuta, dinamo ilipanda hadi volti 13 za upande wa zamani, kikono kikavutwa, na betri ya upande mpya ikakutana nayo. Badala ya nguvu mbili kupingana kwa upole, kama inavyokuwa kwenye kuchaji, zilifuatana zikajumlishwa: volti zaidi ya 25, ndani ya mzunguko ambao ukinzani wake ni kijisehemu cha omu moja. Mkondo wa namna hiyo huunguza vidole vya kisanduku au kuviunganisha kabisa kama vilivyochomelewa. Kule kugonga kama kuku kulikuwa kikono kikifunga, kikifunguka, kikivutwa tena.

Fundi alirudisha betri upande wa Mwingereza, akafunga kisanduku kingine, kisha akafanya jambo ambalo wengi hulisahau. Mshtuko kama ule unaweza kuvuruga kumbukumbu ya dinamo, hivyo aliikumbusha. Dinamo za Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotoa vifaa vya umeme kwa magari na matrekta mengi ya Uingereza, huwa na ncha mbili, kubwa yenye herufi D na ndogo yenye F. Aliutoa waya wa F, akachukua kipande cha waya kutoka kwenye ncha ya moto ya betri, akagusisha F mara mbili tatu, cheche ndogo zikaruka. Basi. Haikufika dakika moja. Kazi hiyo hiyo ndiyo anayopaswa kuifanya mtu anayetaka kuigeuza Ferguson iwe ya bodi hasi: ageuze betri, aguse F, abadilishane nyaya mbili za kipimo cha chaji ili sindano isiseme uongo. Dinamo za Kimarekani nyingi zimefungwa kwa mtindo mwingine ndani, na huamshwa kwa njia tofauti, kwa hiyo usihamishe utaratibu wa Ferguson kwenye Ford bila kuuliza.

Kwenye trekta la dizeli hadithi inakaribia kuishia hapo, kwa sababu dizeli haina plagi za cheche. Lakini Ferguson nyingi za kijivu na Ford za wakati ule zilikuwa za petroli au mafuta ya taa, na hapo kuna mwingine anayejua upande wa betri: koili ya cheche. Cheche ya plagi ni elektroni zikiruka kutoka chuma kimoja kwenda kingine. Zinaruka kwa urahisi zaidi kutoka kwenye chuma cha moto, na ndani ya plagi chuma cha katikati, kilichofunikwa na kauri isiyopitisha joto vizuri, ndicho chenye moto kuliko kile cha pembeni. Kwa hiyo koili inatakiwa iifanye ncha ya katikati iwe hasi. Ukigeuza betri bila kubadilishana nyaya za koili, cheche inalazimika kuruka kutoka kwenye chuma kilichopoa, nayo inadai volti nyingi zaidi. Trekta litawaka, hasa plagi zikiwa mpya. Baadaye, plagi zikichakaa na mlima ukiwa mkali, litaanza kukatakata, na mwenye nalo atabadilisha kabureta, atasafisha tangi, atamlaumu muuza mafuta.

Kwa nini basi Waingereza walichagua chanya? Magari yao ya awali mengi yalikuwa ya bodi hasi. Katika miaka ya 1930 Lucas waligeuza. Sababu mojawapo ilikuwa hiyo cheche. Nyingine ilikuwa kutu. Penye unyevu na chumvi, umeme unapovuja kidogo kidogo huula upande wa chanya: chuma cha chanya huyeyuka na upande wa hasi hulindwa. Ukifanya waya mwembamba wa shaba uwe hasi na bodi nene iwe chanya, anayeliwa ni yule mwenye mwili wa kuliwa.

Hoja hiyo watu wa simu nao wanayo, na kwao haijafa. Mitambo ya simu duniani hutumia volti 48 huku chanya ikiwa imefungwa kwenye ardhi, ili nyaya za shaba zisiliwe. Ule mnara wa simu ulio juu ya kilima kijijini kwenu, wenye betri zake ndani ya kibanda, kwa kawaida umefungwa hivyo hivyo. Mtoto anayecheka trekta la babu kwa kuwa limefungwa kinyume anamtumia rafiki yake ujumbe kupitia mtambo wa bodi chanya.

Kwenye magari, sidhani kama faida ya kutu ilikuwa kubwa kama ilivyosifiwa. Nimeona vichwa vya betri vimeota unga wa kijani kwenye magari ya kila aina. Na haikudumu. Oltaneta ilipoingia badala ya dinamo, ilikuja na dayodi za silikoni, vijipande vinavyoruhusu mkondo upite upande mmoja tu. Dunia ikahitaji kukubaliana upande, na hasi ikashinda. Ford ya Marekani, ambayo trekta lake la 8N la miaka ya 1947 hadi 1952 lilikuwa la volti 6 na bodi chanya, ilihamia volti 12 na bodi hasi kwenye matrekta mwishoni mwa miaka ya 1950. Uingereza ilifuata kwa jumla katika miaka ya 1960.

Dayodi haina subira ya kisanduku cheusi. Oltaneta ikifungiwa betri kinyume, dayodi zake zinakuwa njia iliyonyooka kutoka ncha moja hadi nyingine, na zinaungua kabla hujatoa mkono kwenye spana. Vivyo hivyo taa za LED hazitawaka, na chaja ya simu ya bei rahisi iliyochomekwa kwenye trekta la bodi chanya inaweza kuwa imekufa kabla haijaanza kazi. Anayeng'oa dinamo na kufunga oltaneta ya Toyota kwenye Ferguson, jambo linalofanyika sana na lenye manufaa, hana hiari: lazima ageuze betri iwe ya bodi hasi siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo tatizo letu la kweli lilipo. Trekta la miaka 70 huku kwetu ni nadra kuwa na mzazi mmoja. Dinamo imetoka kwenye Land Rover, stata imesukwa upya mara tatu, nyaya zimenunuliwa kwa rangi iliyokuwepo dukani. Kiwanda cha Banner Lane huko Coventry kilitoa Ferguson TE20 zaidi ya 500,000 kati ya 1946 na 1956, na tatu kati ya hizo zilimfikisha Edmund Hillary kwenye Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958, lakini kitabu cha kiwanda hakitakuambia lako lilifanyiwa nini na fundi wa mwaka jana. Usiamini rangi ya waya. Usiamini hata kwamba waya uliofungwa kwenye chuma ni wa hasi kwa sababu ni mweusi. Tazama betri yenyewe: kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi, na alama zimechongwa kwenye plastiki. Halafu tazama dinamo au oltaneta, ndipo uamue.

Volti 6 za matrekta ya Ford zina mateso yake, nayo husingiziwa betri. Chukua stata inayohitaji wati 1,200. Kwa volti 12 itavuta ampea 100, kwa volti 6 itavuta 200. Sasa weka kutu kidogo mahali waya wa bodi unapokutana na chuma, yenye ukinzani wa mia moja ya omu, kiasi ambacho macho hayaoni. Kwenye volti 12 kutu hiyo inameza volti 1 kati ya 12, na stata inalalamika kidogo. Kwenye volti 6 inameza 2 kati ya 6, theluthi nzima, na stata inageuka mara moja kwa uvivu na kusimama. Mwenye trekta ananunua betri mpya. Alipaswa kununua msasa, na waya mnene zaidi, kwa kuwa waya wa stata wa gari dogo la volti 12 haufai kabisa hapo. Ukiwa na mita, weka ncha moja kwenye kichwa cha betri cha upande wa bodi (kichwa chenyewe, wala si kibano chake) na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ugonjwa umeuona.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni ya kuazima moto. Pikapu ya bodi hasi inasogea karibu na trekta la bodi chanya, nyaya zinafungwa sawasawa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo bodi ya pikapu na bodi ya trekta zinatofautiana kwa volti 12, zenye betri mbili nyuma yake. Bampa ikigusa gurudumu la chuma au plau, au kukiwa na mnyororo wa kuvutia ambao haukufunguliwa, shoti inapita hapo, na betri zinazochemka hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka kwa cheche moja. Acha nafasi kati ya vyombo hivyo viwili, fungua mnyororo kwanza, na kibano cha mwisho usikifunge kwenye kichwa cha betri bali kwenye chuma cha trekta mbali na betri. Kwenye trekta la bodi chanya kibano hicho ni cha chanya.

Kutoa betri nako kuna mpangilio wake. Mafundi wengi hufundishwa waanze na hasi. Kanuni yenyewe ni kuanza na bodi, iwe ncha gani, ili spana ikigusa chuma wakati unafungua ncha ya pili pasiwe na mzunguko. Kwenye Ferguson ya kijivu iliyobaki kama ilivyotoka Coventry, unaanza na chanya, na wakati wa kufunga chanya ndiyo ya mwisho.

Mzee wa Karatu alilima masika yale, akachelewa siku nne. Ndani ya boneti ameandika kwa rangi nyeupe, herufi za kiganja kizima: BODI NI CHANYA. Nawe mwenye trekta la kijivu, la bluu au jekundu, hakikisha upande wake leo na uuandike kabla ya betri inayofuata, maana atakayeifunga huenda akawa kijana anayejua magari.